Pilipili mbuzi ndani ya hema besimenti: kabla hujanunua kingine, pima

Dada mmoja yuko Edmonton, Kanada, kaniandikia ujumbe mrefu, naufupisha hivi: ana hema la kupandia la futi 4 kwa 4 liko besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, ndani ana vyungu sita vya pilipili mbuzi, taa moja ya LED ambayo boksi lake limeandikwa watt 1000, feni ndogo ya kutoa hewa, taima ya masaa 12. Mimea iko wiki ya 14 sasa. Anasema misingi yote ameshapita, hamwagilii hovyo, mbolea anaweka kila wiki, lakini mimea imerefuka kama inatafuta kitu, maua yanatoka na yanaanguka, majani ya juu yanajikunja na ya chini yana rangi ya zambarau kwa nyuma. Kipima unyevu chake kinasoma nyuzi 26 na unyevu asilimia 22. Anauliza: "Kaka, nina hela ya kitu kimoja tu mwezi huu, ninunue mbolea ya maua, mtungi wa hewa ya ukaa, au taa ya pili? Na mchicha nitaweza kuuchomeka humo humo?"

Dada yangu, asante kwa kuandika na namba, wengi huwa wananitumia picha tu afu wanasubiri nibashiri. Nimefanya kazi ya vitalu karibu maisha yangu yote ya utu uzima, nilianzia Usa River kule Arusha kwenye vipandikizi vya maua, afu nikaja huku nikaingia kwenye grinihausi za pilipili hoho za Leamington, Ontario, na kitu kimoja ambacho sehemu zote mbili walinifundisha ni kwamba mtu wa kitalu hanunui kitu mpaka ajue nini kinaufunga mmea kwa sasa. Mmea unafungwa na kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukikifungua hicho ndo kinaonekana cha pili. Wewe kwa maelezo yako naona una vitatu vimepangana kwenye foleni, na hakuna hata kimoja kinachotibika kwa mbolea ya maua wala kwa mtungi.

Tuanze na taa maana hapo ndo kuna habari kubwa. Hiyo namba 1000 kwenye boksi isahau kabisa. Nenda kanunue au kaazime kile kidude cha kuchomeka kwenye soketi kinachoonesha watt zinazovutwa, hakina bei kubwa, chomeka taa yako uone. Taa nyingi za aina hiyo nilizowahi kupima zinavuta watt 100 na kitu tu. Tuchukulie yako inavuta 105. Taa ya LED ya kawaida inatoa kama mikromoli 2.2 za mwanga kwa kila watt kila sekunde (mikromoli ndo kipimo cha chembe za mwanga ambazo mmea unazitumia, na milioni moja zake ni moli), kwa iyo unapata kama 230, na hema lako lina mita za mraba 1.49, ukigawanya unabaki na 155 hivi pale majani yalipo, na hapo sijatoa hata mwanga unaopotelea ukutani. Kwa masaa 12 jumla yake ni moli 6 na kidogo kwa siku. Pilipili inataka moli 20 mpaka 30 ndo ibebe matunda ya maana. Siku ya jua kali huko nyumbani shambani hufika 40! Yaani mimea yako iko kwenye giza, macho yetu ndo yanatudanganya kwa sababu jicho linajirekebisha, chumba kinaonekana kinawaka kumbe mmea una njaa.

Ndo maana imerefuka. Na ndo sababu ya kwanza ya maua kuanguka, mmea ukiona chakula cha siku hakitoshi unatupa watoto kwanza, hauna namna nyingine.

Sasa kabla ya kununua taa kuna kitu cha bure. Taima ipeleke masaa 16. Najua umeweka 12 kwa sababu kwetu mchana ni masaa 12, hiyo ni fikra nzuri ila pilipili haijali urefu wa siku kwenye kutoa maua, yenyewe inahesabu mwanga wote wa siku kwa jumla. Usiende masaa 24 kutafuta haraka, iache ipate giza angalau masaa 6 mpaka 8, ndugu yake nyanya ukiiwashia taa usiku na mchana majani yanageuka njano. Ukienda 16 na taa hiyo hiyo utapata karibu moli 9, bado kidogo ila ni theluthi nzima umeongeza bila kutoa senti zaidi ya umeme.

Kwa iyo jibu la swali lako, hela ya mwezi huu ni ya taa. Lakini sio ya pili ya aina ile ile. Tafuta taa moja ya bapa inayovuta watt 250 mpaka 300 za kweli ukutani, na muuzaji awe ameandika mikromoli kwa joule, ndo ile ile mikromoli kwa watt kila sekunde, ikiwa 2.6 au 2.7 uko vizuri. Watt 300 kwa 2.7 ni 810, gawa kwa 1.49, toa asilimia kumi na kitu za kupotea, unabaki na kama 470, zidisha masaa 16 unapata moli 27. Hapo sasa tunaongea kilimo. Umeme wake ni yuniti 4.8 kwa siku, kama 144 kwa mwezi, zidisha na bei iliyoko kwenye bili yako ukiongeza na ile ya kusafirisha umeme, usije ukashtuka mwisho wa mwezi.

Ukishaifunga usiiwashe yote siku ya kwanza tafadhali. Majani yaliyozoea giza yakipigwa mwanga mara tatu kwa ghafla yanachujuka yanakuwa meupe, na hayarudi. Anza na nusu kwenye kile kitasa cha kupunguza mwanga, panda kidogo kidogo kwa siku kumi hivi. Na kama huna kifaa cha kupima mwanga tumia simu, kuna programu za kupima lux za bure, laza simu pale juu ya majani kioo kikitazama taa, kwa taa nyeupe za LED gawanya lux kwa 67 utapata mikromoli zilizo karibu na ukweli. Ukisoma lux 33,000 ni kama mikromoli 490. Pima katikati na pima kona zote nne, utashangaa kona inapata nusu ya katikati, kwa iyo vyungu uwe unavizungusha kila wiki. Na vyungu sita vya pilipili mbuzi kwenye futi 4 kwa 4 ni vingi, mimi ningebaki na vinne, mzigo wa mti mmoja ulioshiba unazidi miwili iliyobanana. Najua inauma kung'oa mti uliouotesha mwenyewe, mpe jirani.

Cha pili kwenye foleni ni hewa. Nyuzi 26 na unyevu asilimia 22, dada, hiyo ni hewa ya jangwa. Huko kwenu nje ikiwa hasi 25 hewa haibebi maji karibu kabisa, afu tanuru la nyumba linaivuta linaipasha moto bila kuiongezea unyevu, ndo maana hata midomo yenu inapasuka na nguo zinatoa cheche. Sasa watu wa vitalu hatuangalii unyevu peke yake, tunaangalia kiu ya hewa, yaani hewa imebakiza nafasi kiasi gani ya kunyonya maji kutoka kwenye jani. Kwa nyuzi 26 hewa iliyoshiba kabisa mvuke wake una mgandamizo wa kilopaskali 3.36, wewe una asilimia 22 tu ya hiyo, kiu iliyobaki ni 2.6. Pilipili inapenda kiu ya 0.8 mpaka 1.2. Kwa hiyo yako inanyonywa zaidi ya mara mbili ya inavyoweza kuvumilia, na mmea ukinyonywa hivo unafunga vinyweleo vya majani, vile vitundu vya kupumulia, kujiokoa, ukifunga hauingizi hewa ya ukaa, usipoingiza hautengenezi chakula hata ukiuwekea jua lenyewe. Majani ya juu yanajikunja kupunguza eneo la kunyonywa. Na chavua kwenye ua inakauka kabla haijafika panapotakiwa.

Ndo nasema mtungi wa hewa ya ukaa achana nao. Hewa ya kawaida ina kama sehemu 420 kwa milioni, grinihausi kubwa zinapandisha mpaka 800 au 1000 na inalipa, ila inalipa pale mwanga ushatosha na vinyweleo viko wazi. Wewe mlango umefungwa halafu unataka kuongeza wageni nje. Isitoshe unalala nyumba hiyo hiyo na watoto, gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na inakaa chini, besimenti sio mahali pa kuichezea.

Dawa ya kiu ya hewa ni mashine ya kutoa mvuke, hata ile ya chumba cha mtoto inatosha kuanzia, na kupunguza kasi ya feni ya kutoa hewa. Watu wanaifungulia feni mwisho kabisa miezi yote, wakati wa baridi huko kwenu unatupa nje unyevu wote uliotengeneza. Ipunguze mpaka usome nyuzi 24 au 25 na unyevu asilimia 60 mpaka 65, hapo kiu ni kama 1.1. Na taa ikizimika, yaani usiku wa mmea, joto linashuka na unyevu unapanda wenyewe, kwa iyo mashine ya mvuke iwe kwenye taima ile ile ya taa izime nayo, vinginevyo taa ikiwaka tena utakuta majani yana umande na ukungu unaanza. Angalia pia madirisha ya besimenti, ukiona maji yanatiririka kwenye kioo ujue unyevu umetoka kwenye hema umeingia kwenye nyumba, na nyumba za mbao hazipendi hivo.

Halafu kipima unyevu kinaning'inizwa wapi? Hili nalisema kwa uchungu. Shamba moja nililowahi kufanya kazi tulipoteza maua ya wiki tatu mfululizo, tumebadilisha mbolea, tumebadilisha maji, tumepiga dawa, kumbe kile kiboksi cha kupimia kilikuwa kimefungwa juu njiani kinapigwa jua, kinadhani kuna joto kali, kinafungua madirisha kutwa nzima mimea inapata baridi. Mimi ndo nilikuwa nasoma zile namba kila asubuhi nikaziamini. Tangu hapo kipima kinakaa usawa wa vichwa vya mimea, chini ya kivuli, kipande cha karatasi nyeupe juu yake kinatosha, na upepo unakipitia.

Cha tatu ni mizizi. Zambarau nyuma ya majani ya chini wewe umedhani ni upungufu wa fosforasi ndo ukafikiria mbolea ya maua, na hujakosea sana, mmea kweli haupati fosforasi, ila sio kwamba haimo kwenye udongo. Vyungu vimekaa kwenye sakafu ya zege ya besimenti, Edmonton, Januari. Chomeka kipimajoto cha jikoni kwenye udongo asubuhi kabla ya taa kuwaka, nakwambia utakuta 15 au 16. Mzizi wa pilipili ukiwa baridi hivo hauwezi kuinyonya fosforasi hata uweke gunia zima. Nyanyua vyungu, weka ubao wa povu wa inchi mbili chini, ule wanaouza kwa ajili ya kuta, na juu yake kichanja ili hewa ipite. Ukifika nyuzi 20 mpaka 22 majani mapya yatatoka kijani, ya zamani yatabaki na zambarau yake usihangaike nayo. Na yale masaa 16 ya taa yapange yapite usiku kucha, giza la mmea liwe mchana, masaa ya baridi kali kabisa ndo iwe inapasha hema.

Mbolea sasa. Unasema unaweka kila wiki na hukusema kama maji yanatoka chini ya chungu. Fanya hivi, mwagilia mpaka yatoke kidogo, yakinge kwenye sahani, pima EC, yaani kiasi cha chumvi za mbolea kwenye maji, ya yale unayoingiza na yale yanayotoka. Leamington hiyo ilikuwa kazi ya kila siku bila kukosa, kinachoingia na kinachotoka, kwa sababu mzizi hausemi ila maji ya chini yanasema. Ukiingiza 1.8 ikatoka 2.2 uko salama. Ikitoka 4 au 5 chumvi imejazana, mzizi unaona maji lakini unashindwa kuyavuta, na hapo kuongeza mbolea yoyote ile ni kuongeza tatizo. Mwagilia na mbolea hafifu, EC kama 0.6, nyingi, mpaka yanayotoka yashuke. Baada ya hapo kila mwagilio uache asilimia 10 mpaka 20 itoke chini. pH, yaani uchachu, kwenye udongo wako iwe 6.2 mpaka 6.8, na kile kikalamu cha kupimia ukisahihishe kwa maji maalumu ya pH 7 na ya 4 kila baada ya wiki chache, kalamu isiyosahihishwa ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Pilipili ikibeba matunda inataka potasiamu na kalisi, sio fosforasi nyingi kama hizo chupa za maua zinavyodai. Na kalisi ina tabia yake, inasafiri na maji tu kuelekea kunakovukizwa, haihami ikishafika. Hewa ikiwa na kiu kubwa majani yanaivuta yote tunda linakosa, ndo unaona kitako cha pilipili kimelainika kimekuwa cheusi, watu wanadhani ni ugonjwa wanapiga dawa. Ukirekebisha hewa na ukamwagilia kwa mpangilio kinaisha chenyewe.

Msimu ujao ningekushauri utoke kwenye udongo wa dukani uende kwenye makumbi ya nazi yaliyosagwa, yale yale ambayo watu wa pwani wanayafukia majini wapate usumba wa kamba, huku wanayauza yamebanwa kama tofali. Yanashika maji na hewa kwa pamoja vizuri mno, changanya na pelaiti, vile vijiwe vyeupe vyepesi, theluthi moja. Ila yaoshe kwanza na uyaloweke na naitreti ya kalisi siku nzima, kwa sababu yana potasiamu na sodiamu nyingi na yanashikilia kalisi na magnesi, usipoyashibisha kwanza yatamnyang'anya mmea. Humo pH ni 5.8 mpaka 6.2, EC miche 1.0, mti unaobeba 2.0 mpaka 2.4. Chungu lita 12 mpaka 15.

Majani yanayojikunja usiyaachie hewa peke yake lakini. Nunua kioo cha kukuza cha mara 30, geuza jani changa kabisa lile la kwenye ncha uangalie nyuma. Jani likikunjika kwa kiu linabaki na upana wake na ni laini. Likiwa jembamba, gumu, limepinda kama limeungua, hapo ni utitiri ule mdogo ambao jicho halioni, na huo unamaliza hema zima kwa wiki chache, kata ncha zote choma na tenga mti huo. Tundika karatasi za gundi, ya njano kwa ajili ya inzi weupe na vidukari wenye mabawa, ya bluu kwa thripsi, hilo la bluu nilijifunza Usa River na halijawahi kuniangusha. Vidukari ndo adui mkubwa wa pilipili ya ndani, wanaingia na mche wa dukani au na maua ya chumbani, ukiwaona wachache waoshe kwa maji na sabuni ya kuulia wadudu nyuma ya majani, siku tatu rudia, tena rudia.

Na uchavushaji, hujautaja kabisa! Ua la pilipili lina dume na jike humo humo, halihitaji ua jingine, linahitaji kutikiswa tu. Nje upepo na nyuki wanafanya. Grinihausi tulikuwa tunaletewa maboksi ya nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, wakilishika ua wanalitetemesha mpaka chavua inamwagika. Wewe chukua mswaki wa umeme, gusa kikonyo cha ua nyuma yake sekunde mbili tatu, mchana wa mmea taa ikiwa imewaka masaa kadhaa, kila siku. Feni ya kubana pembeni iwe inapuliza kidogo majani yacheze, isiwapige usoni. Joto la usiku wa mmea libaki nyuzi 17 mpaka 20, likivuka 24 taa ikiwa imezimwa au 32 ikiwa imewaka maua yatadondoka hata kila kitu kingine kiwe sawa.

Miti uliyonayo imerefuka, ncha zake zikate sasa hivi juu ya jani la tano au la sita la kila tawi kuu, maua yaliyopo yatoe yote. Najua umesubiri wiki 14 na nakwambia toa maua, ila mti huo hauna nguvu ya kuyalea, na taa mpya ikija utachipua matawi mafupi manene na kila panda linatoa ua lake. Pilipili mbuzi ni ya polepole kwa asili, toka ua kushika mpaka tunda kuiva wekundu au unjano hesabu wiki nane hivi, kwa iyo ukifanya haya mwezi huu unakula ya kwanza kabla baridi ya huko haijaisha vizuri.

Fanya kwa mpangilio: masaa ya taima na ubao wa povu leo, mvuke wiki hii, taa ikifika ipandishe taratibu. Uandike kwenye daftari kila asubuhi joto, unyevu, EC ya kuingia na kutoka. Baada ya wiki tatu nitumie hilo daftari, sihitaji picha.

Mchicha ndio, unaweza, na pale kwenye kona ambako mwanga ni nusu haitakusumbua sana kwa sababu unavuna jani sio tunda. Tena masaa 16 yanakusaidia, mchicha mwingi siku zikiwa fupi unakimbilia kutoa mbegu ukiwa bado mdogo, ndo maana wengi huko wanalalamika umekomaa una shina tu. Mwaga mbegu kwenye beseni la kina cha inchi 6 lenye matundu, punguza ibaki nafasi ya vidole viwili, na ukifika kiganja kimoja na nusu kwenda juu kata uache majani mawili chini utachipua tena. Ila vidukari wanaupenda sana, kwa iyo ukagueni nyuma ya majani kila mnapochuma kabla hamjaupeleka jikoni.